Dafina ya Mingaladon

Mwezi wa Januari mwaka 2013, kando ya njia ya kurukia ndege katika kiwanja cha Mingaladon, kaskazini ya mji wa Rangoon ambao sasa waitwa Yangon, walikusanyika watu wa namna mbalimbali: mkulima wa Kiingereza kutoka Lincolnshire, jina lake David Cundall, aliyekuwa amelishughulikia jambo moja tangu katikati ya miaka ya 1990; wataalamu wa mambo ya kale; wapiga picha; wajumbe wa Wargaming, kampuni yenye asili ya Belarus itengenezayo michezo ya vita ya kompyuta, ambayo ndiyo iliyobeba gharama; na Waburma wenyeji wa mahali hapo pamoja na mashine zao za kuchimbia. Walikuja kutafuta ndege za vita. Mabaki ya ndege zilizoanguka hawakuyataka, kwani hayo yamejaa katika misitu ya Burma. Walitaka ndege nzima za Spitfire, mpya, zisizowahi kuruka tangu kutoka kiwandani, ambazo kwa mujibu wa habari iliyokwisha kuenea duniani Waingereza walizizika wenyewe vita vilipokwisha, zikiwa ndani ya masanduku ya mbao, zimepakwa grisi na kufungwa kwa karatasi za lami ili kutu isizile.

Ndege yenyewe yataka kuelezwa, maana bila ya kuijua mtu hawezi kufahamu jinsi watu wazima wenye akili zao walivyokubali kutoa mali na umri kwa ajili yake. Spitfire ilibuniwa na mhandisi R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine, ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na mbunifu wake akafariki mwaka uliofuata asiione vitani. Mabawa yake yalikuwa membamba, yenye umbo la duaradufu, magumu kuyaunda lakini mepesi angani. Injini yake ya kwanza ilikuwa Merlin ya Rolls-Royce, na katika aina za baadaye, mathalan ile ya Mark XIV, ikatiwa Griffon iliyokuwa na nguvu kuipita. Hata uundaji ulipokoma mwaka 1948 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 20,000. Katika mapigano ya angani ya mwaka 1940, ikishirikiana na Hurricane, ambayo kwa haki ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi, iliikinga Uingereza na uvamizi wa Wajerumani, na tangu hapo Waingereza hawakuitazama tena kama chombo cha vita tu, bali kama alama ya nusura yao. Zenye kuruka hivi sasa ni makumi machache, na bei ya moja huhesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Basi mtu aambiwapo kwamba makumi ya ndege hizo zimelala chini ya udongo zikingoja jembe, mapenzi na tamaa humwingia kwa mlango mmoja.

Sasa habari hii ilitoka wapi? Hapa yafaa tufuate desturi ya maulamaa wetu wa Hadithi, ambao hawakulikubali neno kwa kuwa ni tamu, wala kwa kuwa limekaririwa na wengi, ila waliiuliza kwanza sanadi yake: nani kasema, kasikia kwa nani, na huyo kasikia kwa nani, mpaka wafike kwa yule aliyeona kwa macho yake au wafike mahali mnyororo umekatika. Cundall hakuona kitu. Yeye alisikia kwa rafiki yake, na rafiki akasikia kwa wazee wa Kimarekani waliokuwa katika vikosi vya ujenzi wakati wa vita, ambao katika mazungumzo ya kukumbuka mambo ya kipuuzi waliyoamriwa kuyafanya walisema kwamba waliwahi kuzika ndege za Spitfire huko Burma. Baada ya hapo Cundall akatafuta mashahidi kwa matangazo katika magazeti, nao wakapatikana. Na mmoja wao, askari mstaafu wa Kiingereza ambaye alikuwako Mingaladon baada ya vita, alisema kwamba aliona masanduku makubwa yakishushwa shimoni. Lakini tukiuangalia ushuhuda huo kwa makini twaona kwamba macho yake yalifika kwenye mbao za sanduku tu, na kwamba jina la kilichomo ndani aliambiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo hata shahidi aliye bora katika kesi hii ni shahidi wa sanduku. Kwa upande wa ndege yu msikilizaji kama sisi.

Fauka ya hayo, idadi haikutulia. Magazeti ya mwezi wa Aprili 2012 yalitaja ndege 20. Baadaye zikawa 36 katika Mingaladon peke yake. Kisha, zilipoongezwa zile zilizosemwa kuwa Myitkyina na Meiktila, hesabu ikapindukia 100. Habari ya kweli, kila inapochunguzwa, aghalabu hupungua na kubana, kwa kuwa mashahidi husahihishana. Hii ilikuwa ikinenepa kila ilipopita mdomoni.

Na ilipita katika midomo mikubwa. David Cameron, wakati huo Waziri Mkuu wa Uingereza, alipozuru Burma mwezi wa Aprili 2012, wakati nchi za Magharibi zilipokuwa zikilegeza vikwazo vyao juu ya nchi hiyo, alilizungumza jambo la ndege hizi na Rais Thein Sein. Na mwezi wa Oktoba mwaka uo huo mkataba ukatiwa sahihi baina ya wachimbaji na serikali ya Burma, mafungu ya mali yakagawanywa kwa asilimia kabla hata ukucha wa mashine haujagusa udongo. Kwa mabwana wa siasa habari hii ilikuwa na faida pasipo kuhitaji kuwa ya kweli: mataifa mawili yaliyonuniana miaka mingi yalipata jambo la kuzungumza ambalo halikuwa na damu ndani yake, wala halikumlazimisha yeyote kuomba radhi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki si wageni katika habari za Burma. Wajapani waliiteka Rangoon mwezi wa Machi 1942, na miaka miwili baadaye walipovunjwa nguvu Imphal na Kohima katika mpaka wa India, waliofuatilia nyayo zao katika bonde la Kabaw walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, askari wa King's African Rifles ambao wazee wetu waliwaita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini. Waliingia bondeni katikati ya mvua za msimu za mwaka 1944, mahali penye malaria na homa ya utitiri wa porini, penye njia zilizogeuka tope la kumeza magari, na hata mwezi wa Desemba wakawa wamefika Kalewa katika mto Chindwin. Katika safari hiyo chakula na risasi viliwajia kwa ndege, vikitupwa kwa miavuli juu ya miti. Hivyo kwa askari wa Keya ndege ilikuwa kwanza ni chombo kiletacho riziki. Mji wa Rangoon wenyewe ulirudi mikononi mwa Waingereza tarehe 3 Mei 1945, na mvua za msimu zikawa zimekwisha kuanza.

Naitaja mvua kwa makusudi. Katika sehemu za Rangoon huanguka zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, takriban yote baina ya Mei na Oktoba, na maji ya ardhini hupanda karibu na uso wa nchi. Urefu wa Spitfire wapita kidogo mita 9, na sanduku la kuitia, pamoja na mabawa yaliyofunguliwa na kulazwa ubavuni, lilikuwa kubwa kuliko chumba. Mtu aliyetaka kulizika katika udongo kama huo, sembuse kuzika makumi, alihitaji mashine za kunyanyulia, wachimbaji, mbao, na siku nyingi zisizo na mvua, katika bandari iliyovunjwa kwa mabomu na katika jeshi lililokuwa likilia kwa upungufu wa kila kimoja katika hivyo. Na kusudi lingekuwa nini? Wako waliosema kwamba Waingereza waliogopa ndege zisiingie mikononi mwa wasiowataka. Lakini atakaye kuiharibu ndege huivunja kwa nyundo au huitia moto kwa saa moja. Anayeifunga kwa karatasi ya lami na kuipaka grisi ataka kuirudia, na jeshi la Waingereza halikuacha waraka wowote wa kurudi.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuwacheka waliosadiki. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Na katika habari hii kweli kulikuwa na kitu kilichopo, isipokuwa hakikuwa pale kilipotafutwa. Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vilipokoma, washindi walijikuta na vyombo vingi kuliko mahitaji ya dunia ya amani, na namna walivyoviondoa yashangaza hata sasa. Katika kisiwa cha Espiritu Santo, kilichokuwa wakati huo katika New Hebrides na sasa kiko katika Vanuatu, Wamarekani, baada ya kutoafikiana bei na watawala wa kisiwa, waliendesha magari na matingatinga wakayatosa baharini, na mahali hapo pakaitwa Million Dollar Point kwa ajili ya mali iliyozama. Katika jangwa la Arizona, huko Kingman, maelfu ya ndege za kutupia mabomu yalipangwa safu kwa safu, kisha yakakatwakatwa na kuyeyushwa yawe aluminiamu. Hata kwetu Tanganyika makombo ya vita hivyo yalifika: mradi wa karanga ulipoanzishwa Kongwa mwaka 1947, trekta nyingi zilikuwa masalio ya jeshi yaliyonunuliwa Ufilipino, na nyingine zilikuwa vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa na kampuni ya Vickers ili ving'oe visiki vya mbuyu na miiba ya nyika, mradi ukafa katika miaka michache, na vyuma vikabaki.

Kijana aliyeyaona mambo kama hayo kwa macho yake, aliyefundishwa katika jeshi kwamba kupoteza msumari mmoja ni kosa la kuadhibiwa, kisha akaamriwa kutosa baharini gari jipya, hakuweza kuyapatanisha mambo hayo mawili moyoni. Ubadhirifu mkubwa kiasi hicho huomba maelezo, na maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba vitu havikupotea, vimefichwa. Kwamba yupo mkubwa aliyejua alifanyalo, na siku moja mwenye bahati atavifukua. Hapa ndipo mahali tetesi hizi huzaliwa, na ndiyo sababu hazikuwa za Burma peke yake. Huko Queensland, Australia, watu wamezungumza miaka mingi juu ya Spitfire zilizozikwa karibu na Oakey. Na huko Kayseri, Uturuki, habari ni za ndege za Kijerumani za Focke-Wulf. Nchi hubadilika, na jina la ndege hubadilika, lakini masanduku, grisi na mzee aliyeona hubaki vilevile.

Nasi tusijione tumesalimika. Ni nani katika Tanzania ambaye hajasikia habari za mali ya Mjerumani, iliyozikwa chini ya boma, pangoni, au mahali penye jiwe lililochongwa alama? Na habari hiyo nayo ina chembe ya ukweli: mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa pande zote na fedha imewaishia, walichukua dhahabu ya machimbo ya Sekenke wakapiga Tabora sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, takriban 16,000, na mwezi wa Septemba mwaka uo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini. Sarafu hizo zimo katika mikono ya wakusanyaji na katika majumba ya makumbusho, zina bei na zina historia. Lakini kwa mwenye shoka na sururu dhahabu iliyokwisha kuonekana haina ladha kama ile isiyoonekana.

Turudi Mingaladon. Kabla ya kuchimba, vyombo vya kupima vilikuwa vimeonyesha dalili za vyuma ardhini, na matumaini yakapanda; wala si ajabu, kwani kiwanja cha ndege kilichotumiwa na Waingereza, kisha na Wajapani, kisha tena na Waingereza, kikapigwa mabomu na kila upande kwa zamu yake, kikosapo vyuma ardhini ndipo mtu astaajabu. Wachimbaji walipofika chini walikuta nyaya za umeme na mabomba ya maji ya kiwanja chenyewe. Huko Myitkyina, upande wa kaskazini, lilionekana sanduku la mbao, kamera ikateremshwa ndani, na kilichoonekana ni maji ya tope. Februari 2013 kampuni iliyotoa gharama ilitangaza kwamba kwa itikadi yake hakuna Spitfire zilizozikwa Mingaladon.

Tangazo hilo lilitegemea daftari kuliko shimo. Watafiti walikuwa wamezisoma kumbukumbu za kikosi cha jeshi la anga kilichopokea shehena katika bandari ya Rangoon, na humo waliona kwamba katika mwaka 1945 na 1946 zilipokewa ndege 37 tu, katika shehena tatu, wala hapana sanduku lililokuwa na Spitfire ndani yake, na nyingi katika hizo zaonekana zilisafirishwa tena kutoka Burma katika mwaka 1946. Karani aliyeandika hesabu ile hakuwa na sababu ya kuficha wala ya kukuza. Aliandika kwa kuwa ndiyo kazi yake, na karatasi yake ikakaa miaka zaidi ya 60 ikingoja mtu aifungue. Mnyororo wa riwaya uliokatika kwa mzee aliyeona mbao ulikuwa mzima hapa, kutoka kwa aliyepokea mpaka kwa aliyesoma, na haukuhitaji mashine yoyote ya kuchimbia.

Cundall mwenyewe hakukubali. Aliendelea kusadiki kwamba palichimbwa mahali pasipo, na miaka iliyofuata akatafuta wafadhili wengine. Sioni haki ya kumwita mwongo. Mwongo hujua ukweli akaugeuza, ilhali mtu huyu alitumia mali yake mwenyewe kwa ajili ya neno alilolisadiki. Kosa lake, kama ni kosa, ni lile la kila apendaye: kila kizuizi alikisoma kama dalili kwamba yu karibu.

Atauliza mtu: je, hapana ndege hata moja iliyopotea ikapatikana? Zipo, na kuzitazama ni somo kubwa. Tarehe 4 Aprili 1943 ndege ya Kimarekani aina ya Liberator, iliyopewa na wenyewe jina la Lady Be Good, iliruka kutoka kiwanja cha karibu na Benghazi kwenda kupiga Naples, ikarudi usiku, ikapita juu ya kiwanja chake pasipo kukiona, ikaendelea kusini mpaka mafuta yakaisha, na watu wake tisa wakaruka kwa miavuli wakidhani huenda chini yao ni bahari. Mwaka 1958 watafuta mafuta wa Kiingereza waliiona wakiwa angani, imekaa mchangani katika jangwa la Libya, kiasi cha kilomita 700 kutoka pwani, na walioifikia mwaka uliofuata walikuta bunduki na redio zingali zikifanya kazi. Maiti wanane walipatikana, na daftari la mmoja wao, alimoandika siku kwa siku jinsi walivyotembea kuelekea kaskazini na kibuyu kimoja cha maji. Vivyo hivyo mwaka 2012 mfanyakazi wa mafuta, Mpolandi, aliikuta katika jangwa la Magharibi la Misri ndege ya Kittyhawk iliyopotea tarehe 28 Juni 1942 na rubani wake, Dennis Copping, na kando yake kitambaa cha mwavuli alichojitengenezea kivuli.

Ipo pia iliyotafutwa kwa makusudi ikapatikana: katika Greenland, ndege sita za Lightning na mbili kubwa za B-17 zilitua juu ya barafu tarehe 15 Julai 1942 kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, watu wote wakaokolewa, na mwaka 1992 Lightning moja ikatolewa kutoka kina cha mita 80 hivi ndani ya barafu, ikatengenezwa, ikaruka tena mwaka 2002. Lakini huko wachimbaji walikuwa na siku, idadi, majina ya marubani walioketi katika viti vile, na picha walizopiga wenyewe kabla ya kuondoka. Walichokosa ni mahali tu, kwa kuwa barafu hutembea.

Tofauti ya mafungu haya mawili ni dhahiri kwa atakayeyapanga pamoja. Ndege zilizopatikana zilikuwa na wenyewe: zilikuwa na tarehe, na rubani, na mama aliyepokea barua ya simanzi, na jeshi lililoandika kwamba hazikurudi. Ndege za tetesi hazina mtu. Hapana rubani aliyezipoteza, hapana familia inayozingoja, hapana karani aliyezifuta katika hesabu. Zina thamani bila ya kuwa na msiba, na huo ndio utamu wake. Vita vyenyewe havikuwa na mali ya namna hiyo.

Katika njia itokayo Yangon kwenda kaskazini, si mbali na kiwanja cha Mingaladon, yako makaburi ya vita ya Taukkyan, na katika nguzo zake yamechongwa majina ya takriban watu 27,000 wa majeshi ya Waingereza na milki zao waliokufa katika Burma wasijulikane kaburi, na miongoni mwao ni askari wa Afrika ya Mashariki. Walioruka kwenda kuchimba masanduku walitua karibu nao. Watu wale ndio waliopotea kweli katika ardhi ile, sanadi yao i kamili, na majina yao yanasomeka. Ila wajukuu wao wengi katika vijiji vyetu hawajui hata kwamba yameandikwa mahali. Ikiwa iko shauku ya kufukua yaliyofunikwa na vita vile, basi tuianze kwa daftari za Keya na kwa masimulizi ya wazee yaliyosalia katika nyumba zetu, kwa kuwa huko kila tutakachokipata kina mwenyewe, na kitakuwa cha kweli.